SOMO KWA MADEREVA NA MAFUNDI: KULIAMSHA GARI LILILOLALA MASIKA YOTE



Masika ya Rusizi huanza mwezi Machi na kwisha mwezi Mei. Kiangazi kinapoingia mwezi Juni, magari yaliyolazwa kibandani hutakiwa tena barabarani: lori la kubebea mpunga Bugarama, pikapu ya shamba la chai, hata gari dogo la mfanyakazi mwenyewe. Wengine walipata somo hili mwaka 2020, usafiri wa kuingia na kutoka Rusizi uliposimamishwa kwa sababu ya Korona na magari ya abiria yakakaa.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Msimamizi ana haraka, na dereva naye hufurahi akisikia injini imeitika. Lakini injini kuwaka si dalili kwamba gari ni zima. Gari hulala, kutu, maji na panya havilali. Kwa hiyo kabla ya kushughulikia kinacholiendesha gari, shughulikia kwanza kinacholisimamisha.

1. Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limesimama. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishaingiwa na maji yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Sasa fikirini barabara yetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na bonde la mto Rusizi upande wa Bugarama hushuka hadi karibu mita 950, sehemu ya chini kabisa nchini Rwanda. Dereva anayetoka Kamembe huteremka mita zaidi ya 500, akikanyaga breki (feri, kama wengi wetu tunavyosema) kila kona. Breki zikishika moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke, pedali huzama hadi chini, na gari halisimami. Mafuta yenye umri wa miaka 2 yabadilishwe yote, na hewa itolewe kwenye mabomba. Lori lenye breki za upepo limwagwe maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya hewa.

2. Tairi. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Tazama nyufa ubavuni, pande zote mbili. Tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT huonyesha umri: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu laweza kuonekana zuri machoni na likapasuka njiani.

3. Betri. Betri ya volti 12 iliyojaa hupimwa 12.6 hivi ikiwa imetulia. Ikiwa chini ya 12.4, ichajiwe. Betri ya kuongezwa maji huongezwa maji ya betri tu, si tindikali wala maji ya bomba. Sigara ikae mbali, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

4. Injini. Fungua boneti utazame viota vya panya, nyaya zilizotafunwa, mikanda na mipira iliyopasuka. Pima oili na maji ya rejeta. Kwenye gari la dizeli, mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio. Washa injini nje, kamwe si ndani ya kibanda kilichofungwa, kwani moshi wake huua bila kuonekana. Taa nyekundu ya oili isipozimika upesi, zima injini.

Fundi, weka mawe kwenye magurudumu kabla ya kushika kazi, wala usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

5. Majaribio. Gari liende kwanza tupu, mahali tambarare, polepole. Kanyaga breki mara kadhaa. Je, linavuta upande mmoja? Pedali ni laini? Gurudumu moja lina joto kuliko mengine? Rudisha gari kwa fundi. Likifaulu, ndipo lipakiwe. Na kwenye mteremko tumia gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Haki na wajibu. Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayosimamia kazi nchini Rwanda, inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya kazini. Nasi tuna wajibu wetu. Dereva aandike kila kasoro kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na sahihi yake, kisha amweleze msimamizi kabla ya mizigo na watu kupanda, mjumbe wa wafanyakazi akiwapo. Neno la mdomo husahauliwa; daftari halisahau. Saa mbili za ukaguzi si uvivu. Wanaopanda nyuma ya lori ni wenzetu, na ajali ikitokea mlimani hakuna atakayeuliza injini iliwaka vizuri namna gani.

Maswali ya kujadili
1. Mahali pako pa kazi, nani hukagua gari lililokaa muda mrefu, na huandika wapi?
2. Kwa nini pedali ya breki yaweza kuwa ngumu asubuhi kibandani, kisha ikazama kwenye mteremko?
3. Msimamizi akisema, "Twende tu, tutatengeneza kesho," dereva na mjumbe wamjibu nini?