Dhana ya Utajiri katika Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Neno tajiri limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mfanyabiashara. Kwa asili yake, basi, utajiri ni dhana ya sokoni: huhesabiwa, na hupotea biashara inapoharibika. Hata hivyo, Waswahili walioishi kwa biashara ndio hao hao wasemao kwamba akili ni mali. Methali hiyo inalitoa neno mali sokoni na kulitia katika nafsi ya mtu. Makala haya yanachunguza jinsi tendi mbili za kisiwa cha Pate zinavyoishughulikia tofauti hiyo. Yanadai kwamba mali isiyo fedha nayo ina mipaka, kwa kuwa si kila mtu aliyeruhusiwa kuirithi.

Mali inayohesabika

Al-Inkishafi ni utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya mji wa Pate ilikuwa imekwisha kufifia. Nafsineni anauhutubia moyo wake, akiulaumu kwa kuipenda dunia. Ili kuuthibitishia kosa lake, anaupitisha katika majumba ya mabwana wa Pate: taa zilizong'aa, vyombo vya kaure vilivyopangwa madakani, vitanda vya fahari. Kisha anayaonyesha majumba yayo hayo yakiwa magofu. Popo wanaruka humo, na madaka yaliyobeba kaure yamekuwa viota vya makinda ya ndege.

Taswira hii ya daka ndiyo kiini cha hoja. Mshairi hadai kwamba kaure ilikuwa mbaya. Anaieleza kwa ufundi wa mtu aliyeujua uzuri wake. Linaloshutumiwa ni moyo uliodhani kwamba daka halitabaki tupu. Ndiyo maana utungo unatoka magofuni na kuelekea kwenye Kiyama na Jahanamu, ambako mali ya dunia haimfai mwenyewe.

Mali inayorithishwa

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Mama alikuwa mgonjwa. Anamwita mwanawe aje na wino na karatasi, kisha anayafananisha maneno yake na kidani cha lulu na marijani atakachomvika shingoni.

Sitiari hiyo imeazimwa kwa sonara, lakini imegeuzwa kazi. Kidani cha lulu huuzwa siku ya shida. Wasia uliohifadhiwa moyoni haumtoki mwenyewe. Mama anarithisha dini, adabu, ulimi mwema na namna ya kuishi na mume. Wahakiki wamebishana kuhusu utii huo, wengine wakiuona kuwa pingu na wengine wakiuona kuwa busara ya kujihifadhi. Vyovyote iwavyo, kuelekea mwisho mtunzi anawaalika wanawake wote wausome utendi wake. Urithi wa binti mmoja unaonekana kufunguliwa umma mzima wa wanawake.

Mipaka ya urithi

Hata hivyo, katika utendi uo huo Mwana Hashima anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wanawake waliokuwa watumwa waliishi nyumba moja na kidani hicho, lakini hakikukusudiwa shingo zao. Majumba yanayoliliwa katika Al-Inkishafi nayo yalihudumiwa na mikono ya watumwa.

Methali husema, tajiri na mali yake, maskini na mwanawe. Ni faraja kubwa, kwani inamhakikishia fukara kwamba anacho cha thamani. Lakini kwa sheria iliyofuatwa pwani, mtoto wa wazazi wawili watumwa alikuwa mali ya bwana wa mama yake. Kwa mama huyo, hata faraja ya methali haikuwa yake. Aliyenyimwa fedha alinyimwa pia mwana na jina la ukoo.

Hitimisho

Tendi hizi mbili zimethibitisha dai lake zenyewe. Kaure za Pate zimetawanyika na majumba yameanguka, lakini maneno ya Sayyid Abdalla na Mwana Kupona yangali yanasomwa darasani. Mali isiyo fedha imeishi kuliko iliyohesabiwa.

Funzo hilo, lakini, halikamiliki bila swali. Anayemwambia maskini kwamba utajiri si fedha hana budi kuuliza kama maskini huyo ameachiwa huo utajiri mwingine: elimu, heshima, na nafasi ya kumlea mwanawe. Asipouliza, atakuwa anamtaka mwenzake ajivunie daka tupu.