Ombi la Kazi ya Uhadhiri: Dai na Ushahidi Wake

Mwanafunzi wa Mbeya akiandika katika ripoti yake kwamba maji yalichemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Selsiasi, mwalimu hamwamini kwa ufasaha wa maneno yake, bali kwa jedwali la vipimo vyake. Dai lisilo na kipimo hufutwa kwa kalamu nyekundu. Ombi la kazi katika chuo kikuu husomwa kwa kanuni iyo hiyo. Msomaji wake hamjui mwombaji. Mbele yake lipo tangazo, na pembeni mwake yapo maombi mengi. Kila sentensi ya mwombaji ni dai, na kila dai hutafutiwa ushahidi. Makala hii yaeleza makosa matano ya kawaida, ili vijana wanaotazamia kazi hiyo, na walimu wanaowaongoza, wajihadhari nayo mapema.

Kosa la kwanza: kutosoma tangazo. Nchini Tanzania nafasi nyingi za vyuo vikuu vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Aghalabu tangazo hutaja kiwango cha ufaulu: kwa ngazi ya kuanzia, wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Na kwa mhadhiri msaidizi, usiopungua 4.0 katika shahada ya uzamili. Viwango hivyo huweza kutofautiana, kwa hiyo kila tangazo lisomwe peke yake. Mwombaji achore jedwali la safu mbili: upande mmoja masharti, upande wa pili hati inayothibitisha kila sharti. Safu ya pili ikibaki tupu mahali fulani, hapo ndipo ombi litakapoangukia.

Kosa la pili: kuambatisha hati isiyo cheti. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita si cheti, na matangazo husema wazi kwamba haikubaliki. Nakala za vyeti nazo sharti zithibitishwe na wakili. Aliyesoma nje ya nchi ana wajibu zaidi: vyeti vyake vya chuo kikuu huhakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa mwaka 2005, na vya sekondari huhakikiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwandishi wa makala hii alirudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamivu, akadhani kwamba muhuri wa chuo alichosoma watosha. Hakupeleka cheti kuhakikiwa. Ombi lake halikufika hata kwenye usaili, nafasi ikapata mwenyewe, naye akangoja mwaka mzima hadi nyingine ilipotangazwa. Elimu ilikuwapo, ushahidi wake haukuwapo.

Kosa la tatu: majina yasiyolingana. Huyu aitwa Juma katika cheti cha kuzaliwa, Jumaa katika cheti cha kidato cha nne, na katika shahada jina la babu limechukua nafasi ya jina la baba. Kwa jirani zake ni mtu mmoja. Kwa msomaji wa maombi ni watu watatu. Tofauti ya namna hiyo huondolewa kwa hati ya kisheria, nayo haipatikani kwa siku moja. Hapa mwalimu wa sekondari ana kazi kubwa: jina linaloandikwa wakati wa kumsajili mtahiniwa ndilo litakalomfuata miaka ishirini baadaye.

Kosa la nne: barua moja kwa vyuo vyote. Wapo wanaobadilisha anwani tu, na mara nyingine hata jina la chuo cha kwanza husahaulika katika aya ya mwisho. Barua njema ni fupi. Hutaja nafasi inayoombwa, masomo ambayo mwombaji aweza kuyafundisha katika idara ile, na utafiti anaokusudia kuufanya kwa vifaa vilivyopo pale. Kusema "nina bidii" si ushahidi. Kusema umefundisha kemia kidato cha tano kwa miaka minne na kusimamia maabara ni ushahidi. Mtumishi wa umma asisahau pia kupitisha barua yake kwa mwajiri wake.

Kosa la tano, nalo ni baya kuliko yote: kutia chumvi. Makala iliyopelekwa kwa jarida, makala iliyokubaliwa na makala iliyochapishwa ni vitu vitatu tofauti. Anayeiita ya kwanza kwa jina la tatu ni sawa na mwanafunzi anayebuni vipimo. Vivyo hivyo kwa wadhamini, ambao kwa kawaida hutakiwa watatu: usimtaje mtu ambaye hukumwomba idhini, wala mkubwa asiyeijua kazi yako. Mwalimu aliyesimamia tasnifu yako ni shahidi bora kuliko kiongozi mashuhuri mliyesalimiana mara moja. Ama kughushi cheti, hilo si kosa la uandishi tena, bali ni jinai.

Akiba haiozi. Kijana aanze sasa kuwa na jalada moja la vyeti vyake, na daftari la kazi alizofanya pamoja na tarehe zake. Siku tangazo litakapotoka, atakuwa ananakili ukweli ulio tayari.

Maswali ya kujipima

1. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa na katika rekodi za shule. Je, kila herufi inalingana?
2. Andika madai matatu kuhusu uwezo wako, kisha utaje ushahidi wa kila moja. Futa lisilo na ushahidi.
3. Kwa nini "iliyokubaliwa" na "iliyochapishwa" hayana maana moja?