Muuza maua ya kwenye maji: mwanga uende kwenye majani, maji yakae gizani

Mteja amepokea maniplanti yake kwenye chupa ya kioo. Maji safi, mizizi inaonekana, kapiga picha na kuweka stetasi ya WhatsApp. Wiki tatu baadaye anakutumia picha nyingine, chupa imekuwa ya kijani kama tangi lililosahaulika nyuma ya nyumba. "Dada, mbona ua lako limeoza?"

Piga hesabu hapo. Tuseme uliuza 15,000 na faida yako ilikuwa 5,000. Boda ya kulifuata na kumpelekea jingine ni 6,000, faida yote imekwenda na mmea mmoja juu. Na kumbe mara nyingi ua lenyewe wala halijaoza!

Ule ukijani ni mwani. Siyo ule wa Paje na Jambiani ambao akina mama wanaulima na kuuza, huu wetu hauna mnunuzi. Ni vimea vidogo mno, kimoja kimoja hukioni kwa macho. Vinakuja na maji, na vumbi, na mizizi yenyewe, kwa hiyo usihangaike kuvizuia visiingie. Wewe vinyime vinachotaka: mwanga, na chakula kilichoyeyuka kwenye maji. Majani ya ua ndiyo yanayohitaji mwanga. Mizizi haiuhitaji, inakua vizuri tu gizani.

Ukimwambia muuzaji atumie chupa ya rangi anagoma, anasema mteja ananunua kwa sababu anaona mizizi. Ni kweli, na kioo kinapendeza kwenye picha. Basi baki na kioo, ila kivalishe. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako, omba mabaki ya vitenge, akushonee kisoksi chenye lastiki kinachopanda kutoka kwenye kitako cha chupa hadi usawa wa maji. Chagua rangi iliyokoza, au kitambaa kiwe mara mbili, maana chembamba cheupe kinapitisha mwanga. Wageni wakija mteja anavua, anaonyesha mizizi yake, anavalisha tena. Binafsi naona hiki kisoksi kinauza kuliko chupa tupu, na unaweza kukiongezea bei. Kama fundi hayupo, chupa za kahawia zinafanya kazi hiyo hiyo.

Mwambie pia asiweke chupa mahali jua linapoipiga moja kwa moja. Karibu na dirisha sawa, juani hapana. Jua linalisha mwani, halafu linachemsha maji, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Mizizi ikikosa hewa ndipo inaoza kweli.

Sasa yule wa "limeoza". Usikimbilie kurudisha hela. Mwombe picha ya mizizi ikiwa nje ya maji, na umuulize kama inanuka. Mizizi migumu, myeupe au ya rangi ya krimu, hata kama imepakwa ukijani, ni mizima. Aisuguesugue taratibu kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, aoshe chupa, basi. Ikiwa laini, nyeusi, inateleza na inanuka kama yai bovu, hapo kuna kuoza. Akate sehemu hiyo kwa mkasi safi na aanze na maji mapya. Mwani kidogo hauui mmea, lakini ukiachwa ukajaa unagombania chakula na, usiku, hewa. Ukifa unaoza humo humo na kuchafua maji.

Maji yabadilishwe kila siku 7, na ukimwambia mteja "kila siku 7" mpe sababu atakayoikumbuka: mbu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi anapenda hasa maji kidogo yaliyotulia ndani ya nyumba na uani. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mayai anayagandisha ukutani mwa chupa, juu kidogo ya maji, kwa hiyo kumwaga tu haitoshi, lazima asugue. Chupa ya shingo nyembamba? Atie mchele mbichi kidogo na maji ya sabuni, atikise kwa nguvu, asuuze. Dawa ya klorini ya nguo nyeupe ni kwa chupa tupu iliyoshindikana tu, na isuuzwe mara nyingi.

Maji ya bomba yalale usiku mmoja kwenye ndoo isiyofunikwa ili klorini ipungue. Maji ya kisima yenye chumvi yanaunguza ncha za majani. Mkiuza Arusha mjue kwamba ile floridi inayotia meno rangi inasumbua pia mianzi ya bahati, ambayo kwa kweli si mwanzi, ni drasena ya misitu ya Afrika ya Kati. Hiyo ipeni maji ya mvua.

Jani lolote lisizame, kwa sababu likizama linaoza na kuwa chakula cha mwani. Sehemu ya juu ya mizizi ibaki nje ya maji ipate hewa.

Mbolea ndiyo inayoharibu kabisa. Mteja anasikia "mbolea", anatia kijiko cha urea, kesho kutwa anakulaumu. Kikonyo kipya hakihitaji kitu mpaka kitoe mizizi. Baada ya hapo, mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, mara moja kwa mwezi. Maji yakianza kijani, asitishe. Sukari asiweke kabisa, inalisha bakteria.

Kwenye delivari, usipakie chupa ikiwa na maji kwenye boda. Funga mizizi kwa tishu iliyolowa, juu yake mfuko wa plastiki, chupa na kisoksi pembeni. Na usitoe kikonyo ambacho mizizi yake haijafika urefu wa kidole gumba.

Wateja wa ofisi, saluni na hoteli ndogo hawana muda wa kusugua chupa. Hao wauzie na huduma: unapita kila wiki, unabadilisha maji, unaosha, unakata majani ya njano, wanalipa kwa mwezi. Chupa sita kwenye jengo moja ni kazi ya saa moja, na kila unapopita watu wa ofisi ya jirani wanakuuliza bei.