Jenga Nyumba ya Shambani Bila Kula Mtaji wa Nyanya

Utaziona mashambani kila mahali: nyumba za mawe zilizofika kwenye linta zikaachwa, nyasi zimeota sebuleni. Mara nyingi mwenyewe hakukosa bidii. Alivuna vizuri, akamwaga pesa zote kwenye msingi, kisha msimu ukafika na hana ya mbegu wala mbolea. Shamba likalala, na nyumba ikalala nalo.

Leo tunazungumza na wewe mwenye nusu ekari au ekari moja, unayeuza nyanya na sukuma wiki, na unayetaka nyumba yako papo hapo shambani. Tutachukua mfano wa Mwea, Kirinyaga. Maji ya mifereji yapo, nyanya zinakubali, na udongo wa huko una jambo la kukwambia kabla hata hujamwita fundi.

Sehemu kubwa ya Mwea ina ule udongo mweusi unaonata. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa kubwa. Mpunga unaupenda, msingi hauupendi kabisa. Ukijenga juu yake ovyo, kuta zitapasuka pia. Inabidi fundi autoe wote mpaka afike kwenye udongo mgumu, na kazi hiyo inaweza kumeza pesa nyingi kabla hujaona jiwe moja limesimama. Kwa hivyo chimba shimo moja kwanza, uone ugumu uko futi ngapi chini. Kama shamba lako lina upande ulioinuka wenye udongo mwekundu, weka nyumba huko.

Sasa tuje kwa pesa. Tuseme nyanya zimekuingizia shilingi 120,000 kwa wiki zote za kuchuma. Ukipiga hesabu, msimu ujao unahitaji 48,000 za mbegu, mbolea, dawa, miti ya kushikilia nyanya na vibarua. Nyumbani, pamoja na karo, panahitaji 36,000. Zinazobaki, 36,000, ndizo za ujenzi. Wengi wetu huanza na ujenzi na kusema mbolea itapatikana tu. Anza na mbolea.

Lakini usingoje mwisho wa mavuno ndipo ugawe, kwa sababu wakati huo utakuwa unagawa mabaki. Gawa siku pesa zinapoingia kwenye simu. Kwa hesabu yetu hapo juu, kila elfu moja inayoingia ina 400 za shamba, 300 za nyumbani na 300 za ujenzi. Zile 400 zifungie kwenye akiba yenye tarehe, na tarehe yenyewe iwe siku ya kusia mbegu kwenye kitalu. Hiyo unaijua mapema: miche hukaa kitaluni kama wiki nne, halafu nyanya huchukua kama miezi mitatu shambani kabla ya kuiva. Fundi akikupigia simu jioni akisema kazi imekwama kwa sababu ya mifuko mitano ya simiti, pesa za mbegu hazipo mkononi pako, na huo ndio mpango.

Sukuma ina tabia nyingine. Inaanza kuchumwa baada ya mwezi mmoja na nusu hivi tangu kupandikizwa, kisha inakupa kidogo kidogo kila wiki kwa miezi. Mama mboga anakulipa 200 leo, 300 kesho. Pesa za aina hiyo hazijengi, zinapotelea njiani, lakini zinalisha nyumba vizuri sana. Ziache zishughulikie unga na mafuta, ili fungu la nyanya libaki zima.

Elfu 36 haimalizi nyumba, tukubaliane. Cha kumwuliza fundi ni hiki: nikisimama hapa miezi minne, kazi itaharibika? Msingi uliofungwa kwa slabu unaweza kusubiri. Mtaro ulio wazi hauwezi, mvua moja inaujaza matope na unalipa vibarua mara mbili. Mvua za masika zinaanza Machi, za vuli Oktoba, kwa hivyo chimba Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba. Zege nalo linataka kumwagiwa maji kila siku kwa angalau siku 7, kwa hivyo panga kazi hiyo wakati una maji.

Kama fungu halitoshi hatua nzima, nunua vitu vinavyoweza kukaa. Mawe na kokoto hazina haraka. Mchanga zungushia mawe usibebwe na mvua. Simiti ndiyo usinunue mapema: hata ukiiinua kutoka sakafuni na kuiweka mbali na ukuta, ikipita miezi mitatu nguvu yake inapungua. Mwenye hadiwea atakwambia bei inapanda wiki ijayo. Labda inapanda kweli, lakini mfuko ulioganda ni hasara zaidi.

Mwambie fundi achore nyumba ambayo vyumba viwili vya kwanza vinaweza kuezekwa peke yake, mkahamia, vingine vifuate. Na paa likishakaa, weka gata na tangi kabla ya kufikiria vigae. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 800 hivi, kasoro kidogo inayopotea. Hayo ni maji ya sukuma, na hapo nyumba inaanza kulisha shamba.

Kuna mahali pawili ambapo pesa hizi zote zinaweza kupotea kwa dakika moja. Pa kwanza ni pale broka anapopakia kreti za nyanya, anakuonyesha ujumbe wa malipo, na gari linaondoka. Ujumbe hutengenezwa. Hata ulio kwenye simu yako, angalia kama umetoka kwa jina rasmi la huduma au kwa nambari ya mtu. Halafu angalia salio lako mwenyewe kabla gari halijawashwa. Akikuharakisha, mwache aharakishe.

Pa pili ni hadiwea. Ukiambiwa utume pesa kwa nambari ya mtu badala ya Till ya duka, uliza kwa nini. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo, na kwa mzigo mkubwa lipa sehemu, umalizie ukishahesabu mifuko shambani. Fundi naye mlipe kwa simu kila Jumamosi kulingana na kazi iliyofanyika, hata kama anapenda pesa mkononi, ili kuwe na rekodi mkibishana.

Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala yako na uihifadhi. Siku utakapoingia SACCO kuomba mkopo wa mabati, mauzo ya misimu miwili yaliyoandikwa tarehe kwa tarehe ndiyo utakayoweka mezani. Na kama bado hujafungua akiba yenye tarehe, ingia kwenye menyu ya akiba leo, ipe jina la MBEGU, na uanze na malipo yatakayoingia kesho.