Ukienda Finland, Usiulize Baridi Peke Yake

Rafiki yangu wa hosteli alipopata nafasi ya kubadilishana wanafunzi Finland, fomu ilimtaka achague muhula: Agosti hadi Desemba, au Januari hadi Mei. Akaja kwangu, maana nasomea ualimu wa Jiografia. Nikamjibu bila kufikiri, "Chukua Agosti, baridi yake nafuu." Nilimwingiza chaka.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Agosti alitembea Helsinki na fulana. Septemba akapanda Lapland kuona majani yakigeuka njano na mekundu, wenyewe wanaita ruska. Novemba ikaja na mawingu na mvua, theluji ya kung'arisha ardhi bado. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huku saa kumi na nusu jioni ni usiku kabisa." Masomo yakaanza kumshinda, analala mchana.

Kosa langu nilipima baridi nikasahau mwanga. Dunia imeinama kwenye mhimili wake nyuzi 23.5. Sisi Dar tuko jirani na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima. Ndiyo maana saa zetu za Kiswahili tunazihesabu kwa jua na hazituangushi. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini. Mwishoni mwa Juni mchana unakaribia saa 19, Desemba unashuka hadi kama saa 6, na jua linachomoza saa tatu na dakika ishirini hivi asubuhi! Utsjoki, kaskazini kabisa, halichomozi toka mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Anayeanza Januari anakuta baridi kali zaidi, sibishi. Lapland huweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Ila koti linapatikana, hata la mtumba, na kila wiki mchana unarefuka. Machi kule Lapland kuna theluji tele na jua juu yake, huku usiku ukiwa bado na giza la kutosha kuona miale ya kaskazini. Mei unaaga Helsinki jua likizama saa nne usiku.

Wa kutembea wiki moja tu aende Juni au Julai, mradi ajue sikukuu ya Juhannus, mwishoni mwa Juni, wengi huhamia vijumba vyao vya kando ya maziwa na jiji linapoa.

Mimi nimejaza fomu juzi. Nimeweka Januari. Rafiki yangu kaniazima koti lake, kacheka, hajasema kitu.