Kuunda Vichwa Vidogo vya Treni kwa Reli ya Milimita 9

Katika kipimo cha 009, kilichoshamiri Uingereza, kila futi ya treni halisi huwa milimita 4 kwenye mfano, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 9. Hesabu hiyo inalingana na reli ya Talyllyn ya Wales, yenye upana wa milimita 686. Reli ya mita moja ya Kenya na Tanzania haiingii hapa. Anayeitaka hutumia kipimo cha 1:87 na reli ya milimita 12.

Milimita 9 ni upana wa treni za kipimo cha N, kwa hiyo chasisi zenye mota na magurudumu huuzwa tayari. Chasisi ndiyo huchaguliwa kwanza, bodi ikafuata vipimo vyake. Anayeanza na bodi huishia kuikata ili mota ienee.

Kabla ya kufunikwa, chasisi huendeshwa taratibu kwenye reli safi. Ikisitasita, mara nyingi umeme ndio haufiki: magurudumu yana uchafu, au vibamba vya shaba haviyagusi. Uzito nao una kazi mbili, kushika reli na kupitisha umeme. Gololi ndogo za risasi hujazwa kwenye tangi la maji na boila, lakini zisigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo huifanya risasi iote chumvi, ikavimba na baada ya miaka kadhaa ikapasua bodi. Gundi ya epoksi ni salama zaidi. Risasi ni sumu, hivyo mikono huoshwa baada ya kazi.

Bodi ya plastiki bapa ndiyo nafuu kwa anayeanza. Ya metali nyeupe ni nzito, jambo zuri, ila huyeyuka upesi. Hulehemiwa kwa lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 70.

Mabehewa ni rahisi zaidi. Mistari ya mbao huchorwa kwa ncha ya kisu juu ya plastiki, kisha uzito hufichwa chini ya sakafu. Ekseli zote zikae sambamba, la sivyo behewa litaacha reli kwenye kona. Viunganishi hupimwa vyote kwa kigezo kimoja cha kimo, na rangi hupakwa baada ya msafara mzima kupita kona kali bila kukatika.