Mimba changa inasema na mama yake

Ngombe asiyeshika mimba anarudi kutafuta dume kisha siku 21 hivi. Aliyeshika harudi. Ni nani anajulisha mwili wake kama mimba iko? Ni mimba yenyewe.

Katika labo, wataalamu wanakuza mimba changa za ngombe ndani ya visahani vyenye maji ya chakula. Siku ya 7 ao ya 8, mimba ingali ndogo sana, wanapima yale maji na kukuta protini inayoitwa interferoni tau. Tumbo la mama haliko pale, lakini mimba imeanza kutuma habari!

Ndani ya ngombe, karibu siku ya 16, protini hiyo inatoka kwa wingi. Inazuia tumbo la uzazi lisitoe prostaglandini yenye kukatiza projesteroni, na bila projesteroni mimba haikae. Mimba ikiwa zaifu ao ikichelewa kukua, habari haifike kwa wakati, na ngombe anarudi kwa dume.

Kwa hiyo tusiharakishe kumuuza kama tasa juu amerudi mara moja. Tuandike katika kaye tarehe aliyopandwa, tumuangalie asubui na mangaribi toka siku ya 18 mpaka ya 24. Akirudi siku ya 30 ao 35, pengine habari ilifika, lakini mimba ikakufa nyuma. Akirudi mara tatu, tumuite munganga wa mifugo, na tumuoneshe ile kaye.